Jinsi ya kuutambua na kuupanda Astragalus canadensis uani kwako

Kwa mlioko Marekani na Kanada mna kauwanja nyuma ya nyumba na mmechoka kukata majani kila wikiendi, kuna mmea wa porini wa huko huko unaitwa Astragalus canadensis, ni jamii ya kunde, ukishashika unachipua wenyewe kila mwaka na yale manyuki manene yenye manyoya yanaupenda balaa. Umeenea kuanzia British Columbia mpaka Quebec na unashuka hadi Texas. Shida yake kubwa ni mbegu, inagoma kuota, ila dawa yake ipo.

Kwanza uujue, maana watu wanachanganya sana. Unafika urefu wa futi 2 mpaka 4 hivi, utafute kingo za mito, pembeni mwa misitu na kwenye nyika zenye unyevu kidogo. Jani lake ukiliona haraka haraka utasema la mkwaju, vile vijani vimepangana huku na huku, lakini mkwaju unaishia na vijani viwili na huu unaishia na kimoja kimekaa peke yake nchani, ukihesabu vyote mara nyingi utapata kati ya 13 na 29. Maua yanatoka Juni mpaka Agosti, rangi ya krimu au njano iliyopauka, yamebanana kuzunguka kikonyo kirefu.

Ila mimi siamini maua, naamini maganda yanayobeba mbegu. Ni madogo, sentimita moja na nusu hivi, yamesimama wima yamesongamana na kila moja lina ncha kali, yakikauka yanakuwa kahawia mpaka meusi na yanabaki kwenye bua hata baridi ikiingia, ukilitikisa mbegu zinalia ndani. Sasa pasua moja kwa kucha, likiwa na vyumba viwili ndio lenyewe, kwa sababu ndugu yake Astragalus neglectus ganda lake limevimba na lina chumba kimoja. Likiwa na vimiba vinavyonasa kwenye suruali basi hapo umekutana na Glycyrrhiza lepidota, mmea mwingine wa jamii ya kunde, achana nao.

Na jamani msichimbe mizizi mkachemshe chai! Ile dawa ya Kichina inayouzwa madukani inatoka kwa Astragalus mongholicus, mmea mwingine kabisa, na huu wa Kanada una kemikali za kudhuru mifugo. Jenasi hii, yaani kundi zima la Astragalus, ina spishi zaidi ya 2,500 na nyingine ni sumu kweli kweli.

Haya, mbegu. Ngozi ya nje ya mbegu yenyewe ni ngumu maji hayapenyi, kwa hiyo chukua msasa laini vipande viwili, weka mbegu katikati, sugua taratibu mpaka ule mng'ao upotee, usisage. Halafu zichanganye na mchanga mbichi kidogo kwenye mfuko, weka kwenye friji (sio friza) wiki mbili hivi, ndio uzipande masika baridi ikishaisha, juu juu tu, zifukie kidogo sana. Kama hutaki kazi yote hiyo zimwage Novemba kwenye udongo uliosafishwa majani, baridi itakufanyia kazi, ila zitaota chache.

Kingine ambacho wengi wanaruka ni bakteria wa mizizi, wale wanaovuta naitrojeni hewani. Nunua unga wa bakteria wa Astragalus kwa wauza mbegu za asili, wa soya hautafaa, ulowanishe na mbegu kabla ya kupanda. Mbolea ya naitrojeni usiweke kabisa, unanenepesha magugu bure.

Jua la kutosha, udongo wowote usiotuamisha maji. Mwaka wa kwanza utaona kamche kadogo tu, usikang'oe ukidhani ni gugu, maua usubiri mwaka wa pili. Ukiwa peke yake unaegemea na kulala chini kwa hiyo uchanganye na nyasi ndefu za asili zishikilie mashina yake. Sungura na kulungu wanaufyeka vibaya, zungushia waya wa banda la kuku tangu mche ukiwa mdogo.

Ukitaka mbegu zako vuna maganda yakishakauka, lakini fungua machache kwanza uangalie fukusi, maana wanaingia humo wanakula zote na ganda kwa nje linaonekana zima kabisa.