Madoa ya Dawa ya Tairi kwenye Gari Jeupe: Namna ya Kuyaondoa

Gari jeupe lililotoka kuoshwa, matairi yake yakiwa meusi na yanang'aa, huvutia macho, lakini mara nyingi uzuri huo haupiti kilomita chache za kwanza. Tairi likishika kasi, dawa ya kung'arisha tairi iliyobaki mbichi juu ya mpira hurushwa na kutua kwenye madigadi, kwenye sehemu ya chini ya milango na kwenye bampa. Siku nilipoyaona madoa hayo kwenye gari langu nilidhani ni matope: vitone vya rangi ya chai kavu, vimejipanga kama upinde nyuma ya gurudumu la mbele, vikubwa chini na vidogo kadiri vinavyopanda. Nilivimwagia maji, maji yakateleza, vitone vikabaki palepale.

Rangi ile ya kahawia haitoki kwenye dawa peke yake. Mpira wa tairi huchanganywa kiwandani na kemikali za kuuzuia usipasuke kwa ozoni na jua, na kemikali hizo hupanda polepole hadi juu ya mpira, ambako hugeuka kahawia; ndiyo maana tairi lisilosuguliwa kwa muda mrefu huonekana kama limepakwa kutu. Dawa iliyotengenezwa kwa silikoni na viyeyusho vya petroli huiyeyusha kahawia hiyo na kuibeba hadi kwenye bodi. Dizeli au oili chafu, ambazo baadhi ya waosha magari huzipaka tairini kwa kuwa ni rahisi kupatikana, hufanya hivyohivyo, na juu ya hayo huudhoofisha mpira wenyewe. Gari jeusi nalo hurukiwa vilevile, ila halisemi.

Kabla ya kusafisha, hakikisha unachokisafisha ni doa la dawa kweli. Lisogeze gari kivulini, subiri bodi ipoe, lioshe kwa shampuu ya magari, kisha pitisha ncha ya kidole juu ya doa. Likiwa la dawa, kidole huteleza. Ukihisi kitu kimekwaruza na kiini chake ni cheusi, hiyo ni lami ya barabarani. Vidoa vidogo vya rangi ya chungwa vyenye kukwaruza kwa kawaida ni chembe za chuma kutoka kwenye breki, navyo vina dawa yake.

Anza na kilicho laini kuliko vyote. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kiasi kidogo ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu, hukata mafuta ya madoa ambayo hayajamaliza siku mbili au tatu. Ipake kwa kitambaa cha maikrofaiba, iache kwa dakika moja bila kuiacha ikauke, kisha suuza. Sabuni hii huondoa pia waksi, kwa hiyo itumie mahali penye madoa tu.

Doa likibaki, tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, ile inayouzwa katika maduka ya dawa, ukiichanganya na maji safi karibu nusu kwa nusu. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa ukingo wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, acha mara moja. Pasipo tatizo, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa sekunde chache, kisha futa kuelekea upande mmoja bila kukandamiza, ukigeuza kitambaa kila mara ili usiyarudishe mafuta uliyokwisha kuyatoa. Utaona kahawia ikihamia kwenye kitambaa. Thina, petroli na asetoni zisikaribie kazi hii, hasa ikiwa gari liliwahi kupigwa rangi upya mtaani, kwa sababu rangi ya namna hiyo inaweza kulainika na kunyanyuka papo hapo.

Kivuli cha manjano kinachosalia baada ya hapo kimekwisha kuingia ndani kidogo, na dawa yake ni polishi nyepesi kwa mkono, si kompaundi nzito. Klia ya kiwandani, yaani tabaka angavu linalofunika rangi, kwa kawaida ina unene wa takribani mikromita 40 hadi 50, yaani chini ya unene wa karatasi ya kuandikia, na kila unaposugua unaipunguza. Wenye Toyota nyeupe wasome namba ya rangi kwenye kibati cha gari: nyeupe ya 040 katika magari mengi haina klia kabisa, kwa hiyo polishi ikifanya kitambaa kiwe cheupe usishtuke, bali jua kwamba unaila rangi yenyewe. Nyeupe ya lulu, namba 070, ina klia. Ukimaliza, paka waksi, maana mahali palipovuliwa kinga ndipo patakaponasa doa linalofuata.

Kuzuia ni kazi ya tairini. Sugua tairi kwa brashi na sabuni hadi povu litoke jeupe badala ya kahawia, hata ikibidi kurudia mara tatu, kisha liache likauke kabisa. Chagua dawa iliyotengenezwa kwa maji, ipake kwa sponji badala ya kuipulizia, ubavuni tu. Sehemu inayokanyaga barabara isiguswe, kwa kuwa huko utelezi ni ajali. Baada ya kama dakika kumi futa yote iliyozidi. Nimejifunza kuwaambia waosha magari mapema kwamba dawa ya tairi sitaki, na bei yao haipungui kwa hilo, lakini madigadi yangu hubaki meupe.

Kitambaa kilichogusa dawa ya tairi kitengwe na vingine, kwani silikoni haitoki kirahisi, na kikipita kwenye kioo cha mbele utaliona hilo mvua itakaponyesha usiku na waipa kuanza kupaka ukungu badala ya kufuta maji.