Lenzi moja ya safari: ninavyoichagua mimi wa Kigoma

Mara ya mwisho kubadilisha lenzi nikiwa ndani ya boti ilikuwa tumetoka Kibirizi tunaelekea vijiji vya kaskazini. Nilikuwa na ile lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja na kamera; namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta cha mbali. Nikamwona furukombe katua kwenye mti wa ufukweni, nikachomoa lenzi ili nifunge 55-300. Upepo wa ziwa ulikuwa umeshaanza, wimbi likapiga ubavu wa boti na matone yakaingia kamera ikiwa wazi. Furukombe akaruka zake. Madoa ya kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, nilikaa nayo miezi, kila nikipiga anga yanaonekana, mpaka nilipompata fundi wa kuisafisha.

Tangu hapo nikisafiri nachukua lenzi moja tu yenye kuvuta karibu na mbali, Nikon 18-140 kwenye kamera yangu ya D5300. Vijana wanaokuja studio, mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, kujifunza huniuliza kwa nini sikununua yenye namba kubwa zaidi. Majibu yangu ndiyo haya.

Kabla ya kwenda dukani, fungua picha zako 200 za mwisho na uangalie taarifa zake. Kamera huandika kila picha ilipigwa kwa milimita ngapi. Zangu nyingi zilikuwa chini ya 35: watu wamekaa botini goti kwa goti, akina mama wanaoanika dagaa Katonga, chumba cha bibi harusi. Zilizovuka 200 zilikuwa chache, tena nyingi ndege. Kama zako ni kinyume chake, chagua kinyume changu.

Kwa hiyo tazama kwanza namba ya kushoto. Ya kulia ndiyo inayouza lenzi, lakini ya kushoto ndiyo inayokuokoa. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ina urefu unaozidi mita 70. Ukiwa gatini karibu nayo huna pa kurudi nyuma. Kitu kilicho mbali unaweza kukikata baadaye kwenye kompyuta ukakisogeza. Kilichobaki nje ya picha hakirudi.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kamera nyingi tulizonazo zina sensa ndogo, ile ya APS-C, ambayo huona eneo finyu kuliko kamera za fulufremu, zenye sensa kubwa. Kwa Nikon na Sony zidisha milimita kwa 1.5, kwa Canon 1.6. Basi 18 yangu huona kama 27 ya fulufremu, na hiyo ni pana ya kutosha. Lakini mtu akikuuzia 28-300 ya mtumba ukaifunga kwenye APS-C, 28 yake inakuwa kama 42, na ndani ya boti utapata nusu ya abiria. Lenzi si mbovu. Imefungwa kwenye kamera isiyo yake. Kwa APS-C tafuta inayoanzia 16 au 18. Kwa fulufremu, 24-200 ya Nikon Z au 28-200 ya Tamron kwa Sony zinatosha safari nzima.

Kitu kingine: Nikon za familia ya D3000 na D5000 hazina ndani yake mota ya fokasi, ile inayolenga picha itoke kali. Hakikisha lenzi ina mota yake, la sivyo utazungusha fokasi kwa mkono.

Namba ya kulia nayo ina gharama. Niliwahi kuazima Tamron 18-400 kwa wiki moja. Inafika mbali kweli, na mpenzi wa ndege nisingemkataza. Ila ina uzito wa gramu 700 hivi, zaidi ya kamera yangu yenyewe, na siku ya tatu shingo ilikuwa inauma. Ukiivuta mpaka mwisho apecha yake ni f/6.3, yaani tundu dogo, mwanga kidogo. Gombe sokwe wanakaa chini ya miti minene, na flashi hairuhusiwi. Hapo inabidi kupandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, mpaka 3200 au 6400, na picha inajaa chembe. Kwa sokwe aliye mita kumi au kumi na tano mbele yako, 140 kwenye APS-C inamtosha.

Usidanganyike na kinga ya mtikisiko, wanayoiandika VR, IS au VC kutegemea kampuni. Inatuliza mkono wako tu. Sokwe akiruka tawi, au mvuvi akirusha wavu, kinachomtuliza ni kasi ya shata, lile pazia la kamera: 1/500 ya sekunde au kasi zaidi.

Usiku lenzi ya namna hii inashindwa, lazima niseme wazi. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza, na taa zao zikipangana ziwani utadhani kuna mji kule. Kwa hizo, na kwa soko la jioni, naweka mfukoni lenzi ya 50 ya f/1.8, yenye tundu kubwa. Inapitisha mwanga karibu mara 10 ya lenzi yenye f/5.6, na ni nyepesi mno. Naibadilisha nikiwa nchi kavu.

Ukinunua ya mtumba, iangalie kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama za buibui ni fangasi. Unyevu wa ziwa unawalea, usiichukue. Vumbi kidogo si neno. Ielekeze chini: ikijishusha yenyewe imelegea, na begani itakusumbua. Ivute na kuirudisha mara kadhaa, usikie kama ndani kuna mchanga.

Mwisho ifunge kwenye kamera yako mwenyewe. Bandika gazeti ukutani, simama sawa nalo, piga kwenye 18, kwenye 50 na mwisho kabisa, kisha kuza picha utazame pembe zote nne. Pembe zote kufifia kidogo ni kawaida ya lenzi hizi. Lakini upande mmoja ukisomeka na wa pili ukiwa ukungu mtupu, hiyo iliwahi kuanguka; mrudishie mwenyewe, hata akipunguza bei.