Namna ya kukaa bure siku za mbalamwezi

Nauza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Kazi hii ziwa lenyewe ndilo linalotupangia likizo: dagaa huvuliwa gizani, kwa taa, na mwezi ukipevuka taa inakosa nguvu ya kuwavuta. Huko visiwani mitumbwi inalala mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kucheza bao. Huku mwaloni mzigo unapungua. Miaka mingi siku hizo nilizijaza mwenyewe: chapati alfajiri, vitenge mchana, vikoba jioni. Mpaka giza moja, yaani majira ya kuvua, nikamhesabia mteja wa Shinyanga viroba kumi na viwili, nikampakilia kumi na vitano, na asante nikampa.

Tangu hapo napumzika kwa kufuata mwezi, sisubiri kuchoka. Ukisubiri kuchoka umeshachelewa, maana aliyechoka hajijui. Toka nje jioni. Ukiona jua linazama upande wa Sengerema na mgongoni kwako mwezi unachomoza mzima juu ya vilima, kesho ndiyo siku yako. Hata kama huuzi dagaa. Jirani yangu fundi cherehani anaifuata hiyohiyo.

Watangazie wa nyumbani mapema. Mwanamke mwenye nyumba hapumziki kwa kushtukiza. Jana yake nabandika maharage sufuria kubwa. Mchana ni matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, asiyetaka akale kwa mama ntilie. Mzigo uliobaki anauangalia mwenzangu wa meza, na siku yake nami namwangalizia. Simu niliwahi kuizima, wateja wakadhani nimefariki. Sasa namwachia binti yangu, anajibu, "Mama hayupo." Kauongo kadogo, Mungu atanisamehe.

Halafu nenda ukakae. Mimi nina jiwe langu Kitangiri. Saa nane linaunguza. Saa kumi na moja limebaki na joto la kukanda kiuno. Usibebe kitu. Mara ya kwanza nilibeba mchele wa kuchambua, nikajidai nimepumzika.

Nusu saa ya mwanzo ni mbaya, nakwambia kabisa. Mikono inatafuta cha kushika. Yangu inachambua dagaa ambao hawapo: kidole gumba kinasugua cha shahada, kinatoa mchanga, kinatupa, kinarudia. Iache isugue. Madeni nayo yatapita kichwani, ya kwako na unayodai, usiyapigie hesabu. Utashtukia umeanza kuona: ndege mnandi katandaza mabawa juu ya jiwe anayakausha, feri ya Kamanga inavuka pole pole, mtoto anaogeshwa kwa nguvu na dada yake huku analia. Usingizi ukija, lala. Mimi nimewahi kuamshwa na mbuzi.

Watakusema. Shemeji yangu alipita akaniuliza, "Shem, unaumwa?" Nikamwambia bado.

Siku nzima ukishindwa, jioni moja inatosha kuanzia. Lakini isiwe jioni ya ibada wala ya msiba, hizo zina kazi zake.

Baada ya kupevuka, kila siku mwezi unachelewa kuchomoza kwa karibu saa nzima, na giza la jioni linarefuka. Siku ya nne, ya tano hivi, nikiwa bado juu ya jiwe, naona taa moja imewaka mbali ziwani. Kisha tatu. Nashuka kukung'uta viroba.