Namna ya kuzipa haisi za Kigoma namba za ruti bila kuwapoteza abiria

Wadau, hili suala la namba za ruti kila likiguswa kijiweni watu wanagawanyika, wapo wanaosema namba ndo maendeleo, mji unakua, hatuwezi kila siku kupigiwa kelele za "Ujiji Ujiji Ujiji" masikioni, na wapo wanaosema huo ni usumbufu tu, bibi zetu wengine hata kusoma hawajui halafu we unawawekea namba. Mi naona wote wana haki nusu nusu. Namba inamsaidia mgeni, jina linamsaidia mwenyeji, na vurugu zinaanza pale mnapombadilishia mtu vitu vitatu kwa siku moja halafu mnamshangaa eti haelewi. Kwa hiyo kama uko kwenye chama cha madereva, kamati ya stendi, halmashauri, au una gari yako moja tu na hutaki abiria wakupotee, fanya hivi.

Kabla hujagusa rangi, nenda kituoni pale Mwanga asubuhi usikilize watu wanauliza nini. Usiwaulize we, sikiliza tu. Mwenyeji hana shida ya kujua gari inaenda wapi, yeye anauliza "mnafika mwisho?" au "mnapita Maweni?", maana anajua haisi nyingine zikiona abiria wamepungua zinakatisha ruti na kugeuza. Sasa njoo stesheni siku treni ya Dar imeingia. Mtu ameshuka na mabegi, amechoka mwili mzima, anatafuta stendi ya Masanga apate gari ya Kasulu, na ndani ya dakika moja ameshatajiwa Mwanga, Gungu, Mwandiga, Kibirizi, Bangwe, na hajui hata moja iko upande gani. Huyo ukimwambia "panda namba fulani" umemaliza kazi. Yule mwenyeji ukimwambia hivo atakuangalia tu, maana swali lake hujalijibu. Andika hayo maswali yote kwenye daftari, ndo yatakuja kukuonesha kama mpango wako umefanya kazi au umepaka rangi bure.

Halafu jifunze kwa waliotangulia, si lazima kila kitu tuanzishe sisi. Dar na ukubwa wake wote daladala zinatembea kwa majina ya vituo viwili vya mwisho na mstari wa rangi ubavuni, na watu wanafika. Zanzibar ndo kuna namba kweli: 116 Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe, halafu 309 Jambiani na 310 Makunduchi. Angalia vizuri, zinazoanza na moja hapo zinapanda kaskazini, zinazoanza na tatu zinashuka kusini, yaani namba yenyewe inakwambia upande hata kama kijiji hukijui. Na pembeni ya namba jina lipo palepale. Nairobi nako 46 ni Kawangware na 111 ni Ngong, namba zimekaa miaka mingi mpaka zimeingia kwenye mazungumzo ya watu. Hiyo miaka mingi ndo siri, maana namba ikibadilishwa kila akija kiongozi mpya hakuna atakayejisumbua kuikariri.

Mfano wa kutisha uko Seoul, Korea Kusini. Tarehe 1 Julai 2004 walibadilisha namba za mabasi karibu yote ya mji kwa mpigo. Mpango wenyewe ulikuwa na akili sana, mji uligawanywa kanda kuanzia 0 katikati mpaka 7, basi la buluu tarakimu ya kwanza ni kanda linapotoka, ya pili ni kanda linapokwenda, na rangi zikatofautisha mabasi ya safari ndefu na yale ya mitaani. Tatizo ni kwamba siku hiyohiyo walibadilisha na njia, na namna ya kukokotoa nauli, na kadi za kulipia, na mashine za kadi zikagoma. Watu walisota vituoni hadi meya akaomba radhi hadharani. Baadaye mfumo ule ukaja kusifiwa na miji mingine ikaenda kujifunza, ila zile siku za mwanzo zilikuwa moto. Sasa kama Seoul yenye mabango na kompyuta kila kona ilikwama, sisi ambao tangazo letu kubwa ni mdomo wa konda tukae vipi?

Tuje kwenye kupanga zenyewe. Kigoma kwa bahati nzuri jiografia inatusaidia, ziwa liko upande mmoja na njia zinatawanyika toka mjini kama vidole. Kila upande upe tarakimu yake na usiichanganye. Mfano tu, msije mkasema nimeshapitisha: Ujiji iwe moja, Mwandiga tatu, Kibirizi tano, Bangwe na Katonga saba. Kama upande mmoja una gari zinazonyoosha barabara kuu na nyingine zinazozungukia ndani mitaani, ongeza herufi, 1A na 1B, usiende kutafuta namba nyingine mbali huko. Mtu akijua moja ni Ujiji basi 1B nayo ni Ujiji, itazunguka lakini itafika. Ukimpa 1 na 14 atadhani ni dunia mbili.

Mnaona nimeruka mbili na nne? Hii watu wa ofisini hawaifikirii kabisa. Konda wetu tayari anapiga kelele za namba siku nzima, na kelele hizo ni za siti. Akisema "wawili wawili, mbili za mbele" maana yake zimebaki nafasi mbili. Sasa ruti ikiitwa mbili, gari inapita mbio pale sokoni konda anaita "mbili mbili mbili!", mama mwenye beseni la dagaa ametoka Kibirizi atajuaje kama hiyo ni ruti au ni siti? Atakimbilia na beseni lake, atakuta gari imejaa halafu siyo yenyewe. Na msije mkaweka namba za mamia zinazofanana na nauli, mtu akisikia "mia tano" anaingiza mkono mfukoni. Namba ndefu nazo hazifai, hebu jaribu kuita "thelathini na nne" mara tatu huku gari inatembea, utakuta umeshapita kituo. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: mdomoni libaki jina, namba ikae kwenye kioo na kwenye bodi. Konda aendelee kuita Ujiji kama alivyoita siku zote, atakayetaka namba ataiona kwa macho.

Kwenye kuandika, jina na namba vyote viwe vikubwa. Namba ipake mbele, nyuma na ubavuni upande wa mlango, kwa rangi ya kudumu. Majina ya mwanzo na mwisho wa ruti yakae kwenye kibao mbele ya kioo, na chini yake vituo viwili vitatu ambavyo watu wanaviulizia sana (rudi kwenye daftari lako). Najua kuna madereva watakuja juu hapa, maana namba ikishapakwa ubavuni huwezi tena asubuhi kuwa wa Mwandiga na jioni ukawa wa Ujiji kwa kugeuza kibao tu. Sawa, na hiyo ndo faida yenyewe! Gari ya namba saba ikionekana inapakia abiria wa ruti namba tano kila mtu anaona, na ikikatisha ruti abiria ana kitu cha kutaja pamoja na namba ya usajili. Ila tuwe wakweli, kuna siku za misiba, mechi pale uwanja wa Lake Tanganyika, gari zinahitajika upande mmoja. Tengenezeni kibao cha "MAALUMU" kinachofunika namba, kiwe kinatolewa na stendi, siyo kila konda anacho chake chini ya siti.

Karatasi pia. Leseni ya usafirishaji inayotoka LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, inataja ruti ya gari, kwa hiyo namba mtakayojitungia kijiweni bila kwenda kukaa nao ni pambo tu. Nendeni mapema na orodha yenu, na ombeni njia na vituo vibaki vilevile kama vilivyo kwenye leseni, kinachoongezeka ni namba. Mkitaka kusogeza kituo au kurefusha ruti, hilo liacheni lije peke yake baadae watu wakishazoea. Kwa kweli mkiacha yote mkashika hili moja mtakuwa mmeepuka nusu ya lawama.

Siku ya kuanza chagueni Jumapili. Wanafunzi hawapo, maofisi yamefungwa, konda ana muda wa kujibu maswali. Msianze wiki ya kufungua shule, na msianze siku za kuelekea Idi, Ujiji itawalaani. Wiki kadhaa kabla, tangazeni kwenye redio za hapa mjini kwa Kiswahili na kama mtangazaji anaweza aongeze na Kiha, maana sokoni kuna wazee wa vijijini ambao wakisikia kwa Kiha ndo linaingia. Pelekeni misikitini na makanisani, kwa wenyeviti wa mitaa, kwa walimu wakuu. Na msiwasahau wapiga debe! Hao ndo redio ya stendi, wakigoma kuitumia namba imekufa, wakiichangamkia mji mzima unajua ndani ya wiki. Vijana wa boda na bajaji nao, maana mgeni anawauliza wao kwanza, japo wengine watampoteza makusudi wampakie wenyewe, hiyo tunaijua.

Makonda wafundisheni namna ya kujibu, na siyo semina ya posho, ni maneno machache tu. Bibi akisimama mlangoni akauliza, mazungumzo yawe hivi:

"Mwanangu, hii ndo ya Ujiji?"

"Shikamoo bibi. Ndo yenyewe, ya Ujiji ileile, wameiandika moja tu. Panda, shika hapa."

Basi. Asianze kumweleza mfumo. Bibi anachotaka kusikia ni "ileile". Kosa ni pale konda anapojibu "hii ni namba moja bibi, soma pale mbele", hapo umemdhalilisha mtu mzima mbele ya abiria na kesho atapanda bajaji.

Kwa upande wako wewe abiria, wiki za mwanzo uliza jina kama kawaida, kisha tupia jicho namba, kichwa kitazishika zenyewe bila kukariri. Mtoto wa shule mwandikie zote mbili kwenye daftari lake, jina la kituo anachoshuka na namba ya gari, na umwambie zikipishana asipande, amuulize mama muuza maandazi wa pale kituoni. Ukimwelekeza mgeni anayekuja Ujiji kuona makumbusho ya Livingstone, usimpe namba peke yake, mwambie amwombe konda amshushe kwenye njia ya makumbusho, maana namba itamfikisha Ujiji ila haitamshusha panapotakiwa. Usiku hakikisha umeona ubavuni pia, siyo kibao tu.

Baada ya mwezi rudi Mwanga na daftari lako. Kama wageni stesheni bado wanazungushwa, bango lenu liko pabaya, liwekwe pale mtu anapotokea na mabegi, siyo ukutani nyuma ya vibanda vya vocha. Kama wenyeji bado wanauliza "mnafika mwisho?" basi shida ni gari kukatisha ruti, na hiyo haiponi kwa namba, inapona kwa faini. Na kama kuna ruti imekufa kwa kukosa abiria, namba yake iacheni ilale. Msije mkaichukua mkaipa njia nyingine mwezi unaofuata, kuna mtu atakuwa katoka kijijini kuuza mawese yake, anaijua ileile ya zamani, atapanda kwa kujiamini kabisa na mtamkuta Katonga anauliza Mwandiga iko wapi.