Ng'ombe kauawa na nani? Chuna ngozi kabla ya kumtaja simba

Ukifika kwenye mzoga, utakuta kesi imeshaamuliwa: simba. Huku kwetu Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, simba hana wakili, na anayetajwa jioni anaweza kutegewa sumu usiku huohuo. Kwa hiyo wahi, lakini ng'ombe usimguse kwanza. Ukiona tai wamekufa kandokando, usichune kabisa. Hiyo ni sumu, zuia watu na mbwa, uite askari wa wanyamapori.

Kama hakuna dalili hiyo, zunguka kwa mbali utafute nyayo kabla watoto hawajazikanyaga. Simba na chui huficha kucha, na kisigino chao kina vifundo vitatu kwa nyuma. Unyayo wa simba mzima huzidi sentimita 10 kwa upana. Fisi huacha alama za kucha. Duma naye huziacha, ingawa ni jamii ya paka, kwa hiyo usikurupuke. Weka rula pembeni, piga picha kutoka juu.

Sasa koo. Kabla ya kisu, pangusa matundu ya meno kwa pamba safi iliyoloweshwa maji safi. Mate yaliyobaki humo yanaweza kupimwa vinasaba. Ianike kivulini, itie kwenye bahasha ya karatasi. Ndani ya nailoni itaota ukungu.

Kisha chuna kuanzia tayani hadi kifuani, ugeuze ngozi. Wengi huchoka hapa, na ushahidi wote uko hapa. Mnyama aliyeng'atwa akiwa hai, nyama inayozunguka tundu huwa imevilia damu, nyekundu ya kuiva inayokaribia weusi. Ukikuta tundu limeingia lakini nyama ni safi, huyo alishakufa. Mlaji kaokota tu.

Simba na chui hukaba koo, na simba wakati mwingine hubana pua na mdomo. Pima umbali kati ya matundu mawili ya chonge. Ya simba yameachana zaidi. Fisi huanzia nyuma, mapajani na kwenye kiwele, akirarua. Mifupa minene iliyosagwa ni kazi yake, ila huja hata simba akishashiba, kwa hiyo mifupa peke yake isikutoshe. Mbuzi akiwa juu ya mti, rula ya nini? Ni chui.

Kwenye fomu ya kifuta jasho na kifuta machozi, yaani pole ya serikali kwa walioumizwa au kupata hasara kwa wanyamapori, andika ulichokiona mbali na ulichoambiwa. Mwenye ng'ombe atanuna. Mwonyeshe ile ngozi upande wa ndani.