Rhodes na desmodiamu shamba moja: chimba mizizi kwanza kabla hujanunua urea

Mwezi uliopita mama mmoja jirani yangu huku Mufindi, anafuga ng'ombe wawili wa maziwa, alinipigia simu niende na pikipiki nimbebee mfuko wa urea, ile mbolea ya naitrojeni. Desmodiamu (mkunde wa kulishia mifugo, jamii ya maharage) aliyochanganya na nyasi za Rhodes imekuwa ya njano, kachanganyikiwa. Nikamwambia mama, hela yako iweke kwanza, nakuja na koleo. Asubuhi nzima tuliimalizia pale na urea haikununuliwa, ndo maana naandika hii.

Ujue kwanza huko chini kuna nini. Rhodes ina mizizi kama nywele, inafagia naitrojeni na potasiamu ya udongo wa juu mapema kabla desmodiamu haijanawa mikono. Desmodiamu ikishanyang'anywa inabaki na bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi yake, hao wanavuta naitrojeni ya hewani, naye anawalipa sukari. Watu wengi wanadhani hiyo naitrojeni inapitishwa kwa nyasi hapo hapo kama chumvi kwa jirani. Aa wapi, kwa sehemu kubwa nyasi inarithi: mizizi na vinundu vife, majani yadondoke yaoze, au ng'ombe ale halafu samadi na mkojo virudi shambani. Kwa hiyo mwaka wa kwanza usitegemee Rhodes yako iwe kijani ya kutisha.

Hatua ya 1: Andaa shamba
Lima, toa magugu, lainisha udongo. Unajua.

Hatua ya 2: Mbolea ya kupandia
Udongo wetu mwekundu una tindikali na fosforasi inang'ang'aniwa humo, na vinundu bila fosforasi havifanyi kazi. Mimi natumia mbolea ya fosfeti ya Minjingu, inayeyuka vizuri kwenye tindikali. DAP, mbolea nyingine ya fosforasi, sio dhambi ila ina naitrojeni ndani, na mkunde ukipewa naitrojeni ya bure unakuwa mvivu, hautengenezi vinundu.

Hatua ya 3: Desmodiamu itangulie
Panda kwa mistari, mambo ya kurusha mbegu siyapendi kabisa maana kupalilia unalia. Desmodiamu inaanza taratibu mno, ipe wiki tatu au nne ndo ulete Rhodes katikati ya mistari. Mbegu ya Rhodes ni nyepesi, changanya na mchanga mkavu, fukia kidogo tu. Kama una jirani mwenye desmodiamu ya zamani omba vipande vya shina uchomeke wakati wa mvua, mi naona vinashika haraka kuliko mbegu.

Hatua ya 4: Angalia vinundu (hapa ndo nilipoliwa)
Miaka yangu ya mwanzo niling'oa mche kwa mkono, nikaona mizizi mitupu, nikasema bakteria hawapo, nikamwaga urea. Rhodes ikapanda mpaka kiunoni, desmodiamu ikafunikwa ikafa karibu yote. Kumbe vinundu vilikuwepo, ila ukivuta vinakatika vinabaki ardhini! Msimu mzima nimepoteza kwa sababu ya uvivu wa kuchimba.

Sasa fanya hivi. Subiri miche ifike wiki sita hadi nane na udongo uwe na unyevu, kiangazi vinundu vinapukutika utajitisha bure. Chimba na koleo mbali kidogo na shina, nyanyua bonge zima, lizamishe kwenye ndoo ya maji udongo uachie wenyewe, usikung'ute. Chukua miche kama mitano sehemu tofauti, na usichimbe palipodondoka kinyesi cha ng'ombe, hapo naitrojeni ni nyingi na vinundu vitakuwa vichache hata kama shamba ni zima.

Halafu pasua kinundu kwa kucha. Kikiwa pinki au chekundu ndani, kinafanya kazi. Cheupe mara nyingi bado kichanga, cha kijani au kahawia kimechoka. Usichanganye na uvimbe wa minyoo fundo, minyoo midogo inayoshambulia mizizi: kinundu kimekaa ubavuni mwa mzizi na kinabanduka kirahisi, uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, haubanduki. Nasema hivyo kwa sababu kuna ujanja wa kuchota udongo wa shamba la desmodiamu ya zamani na kuchanganya na mbegu ili kuleta bakteria, unasaidia, ila kama lile shamba lina minyoo umejiletea na minyoo.

Na jambo la mwisho hapa, usichimbe muda mfupi baada ya kukata. Ukikata majani sukari inakatika, mmea unaacha vinundu vingi vife (huo ndo urithi wa nyasi niliosema). Kwa yule mama tulikuta vinundu vidogo vyeupe, nikauliza umekata lini? Wiki mbili zilizopita, tena kwa panga mpaka chini kabisa. Basi tukapata jibu.

Hatua ya 5: Kukata
Acha kama sentimita 15. Desmodiamu inachipua kutoka kwenye shina lililobaki, ukinyoa chini hakuna pa kuchipulia.

Hatua ya 6: Rudisha samadi
Kila mzigo wa majani unaobeba kwenda bandani unaondoka na potasiamu na fosforasi, na ikipungua potasiamu Rhodes inashinda, desmodiamu inasinyaa. Samadi iliyooza irudi humo humo kila baada ya kukata, tupa zaidi kwenye mistari ya desmodiamu. Mama ameanza na toroli nne, machipukizi yameshatoka ya kijani, nimemwambia tutachimba tena yakifika gotini.