Kabla hujaingia wodini mara ya kwanza: mambo ya kuzingatia kwa mwanafunzi wa uuguzi

Mdogo wangu unayeanza mazoezi wiki ijayo, soma hii kabla hujapiga pasi sare.

Sare ziwe mbili, siyo moja. Usiivae kwenye daladala: ibebe kwenye mfuko, ubadilishie hospitalini, na jioni irudi kwenye mfuko mwingine. Ulichokiokota wodini hakitakiwi kufika kwenye kochi la mama yako. Viatu vifunike vidole, soli ya mpira. Kucha fupi. Pete na bangili ziache nyumbani.

Chanjo ya homa ya ini B anza sasa hivi, maana dozi ni 3 na zinachukua miezi 6 kukamilika. Huwezi kuchanja Jumapili ukaanza kushika sindano Jumatatu.

Asubuhi wahi ripoti ya zamu ya usiku. Ukiikosa, siku nzima unahudumia watu usiowajua. Wa pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Gongo la Mboto na Mbagala, saa kumi na moja alfajiri muwe kituoni. Mvua ikinyesha usiku kucha, njia ya Jangwani hufurika, usiitegemee kabisa.

Kunywa chai kabla ya kutoka. Harufu ya kidonda juu ya tumbo tupu imewaangusha wengi, tena wenye miili yao. Ukiona giza machoni, kaa chini hapo hapo, usijikaze.

Sasa saa. Nunua ile ya kubandika kifuani, yenye mshale wa sekunde. Kariakoo zimejaa. Usiniambie una simu.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili, zamu ya jioni, hospitali sitaitaja. Wodi imejaa, wengine wamelala kwenye magodoro chini. Nikatumwa kuchukua joto, mapigo, presha na pumzi. Joto lina kipima joto, presha ina mashine. Pumzi inataka jicho lako na saa, nami saa sina, na simu wodini tumekatazwa. Nikafungua chati ya kwanza, kwenye pumzi waliotangulia wameandika 20, 20, 20. Nikaandika 20. Nikaandika 20 kwa wodi nzima. Usinicheke; utazikuta chati za namna hiyo.

Kitanda cha dirishani alilala babu mmoja mwenye kisukari na kidonda cha mguu. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akajibu, "Mara..." akavuta hewa, "...haba, mjukuu wangu." Nikasema moyoni, uzee huo. Mtu anaikata marahaba katikati kwa kukosa pumzi, nami kalamu inaandika 20!

Usiku sista aliyekuja kupokea zamu akapita kitanda kwa kitanda. Alipofika kwa babu akamshika kifundo cha mkono kama anayehesabu mapigo, lakini macho yapo kifuani. Dakika nzima. Pumzi 36. Akatazama chati, akanitazama mimi. "Ulihesabia nini?" Hakuongeza neno. Babu akawekewa oksijeni, daktari akaitwa, dripu ikatundikwa, damu ikachukuliwa. Maambukizi ya kidonda yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Presha yake saa ile bado ilisomeka vizuri, na ndiyo maana nakusisitiza: mwili ukizidiwa, pumzi huanza kwenda mbio mapema, presha inaweza kushuka baadaye sana. Babu alipona, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Saa nne zilizopotea pale ni zangu.

Kwa hiyo hesabu. Kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja, na hesabu sekunde 60 kamili. Usimwambie mgonjwa unachohesabu, ataanza kupumua kwa adabu. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 12 na 20. Mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, 50 na kuendelea ni mbio. Wa mwaka 1 hadi asiyetimiza 5, ni 40. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupimia oksijeni, nacho usikiabudu: rangi ya kucha na piko nyeusi, na akina mama wa hapa wanavyozipenda, vinaweza kukipotosha. Tafuta kidole kisafi.

Mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kufunga kidonda au kuweka kanula (kimrija cha kwenye mshipa), baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vyake. Sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60, siyo kulowesha vidole. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa.

Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko, itupe moja kwa moja kwenye boksi lake. Ikikuchoma, osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa dakika hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU hutakiwa kuanza mapema, zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Aibu usiipe nafasi.

Asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa 2, utazame kama makalio na visigino vimeanza vidonda. Kabla ya kutoa dawa, mwambie mgonjwa ataje jina lake mwenyewe. Ukimuuliza "Wewe ndiye Mwajuma?" ataitikia ndiyo kwa heshima tu, hata kama ni Mwanahawa.

Ndugu wakikuuliza ugonjwa, waelekeze kwa sista au daktari. Picha za wagonjwa usipige, hata ya mguu peke yake. Usilolijua sema hulijui. Beba kalamu mbili, moja itaazimwa haitarudi. Na ukitoka zamu ya jioni, nauli itenge mfuko wa mbele, simu iwe ndani kabisa, kituoni msimame wawili watatu.